Dirisha la Chini

Jumamosi, saa nne, tunakutana
ndani ya nyumba isiyo na mlango.
Zamu hii ni ya Ilpo: turubai ndilo ukuta wake wa mashariki,
na upepo wa Kajaani unalipigapiga
kama mdai asiyechoka kubisha.
Tumekalia ndoo za rangi. Chupa ya kahawa inazunguka.
Theluji ya buti zetu inayeyukia juu ya jamvi
ambalo Ilpo alilisugua jana kwa magoti.
Hasemi kitu. Analitazama tu.

Kila mtu na simu yake, kila mtu na picha yake.
Kyösti kapaua. Kenchi kumi na tisa,
anazitaja kama wanawe;
ya saba ndiyo iliyompa homa.
Orvokki kapata vigae vya bafuni, rangi ya ini bichi.
Dukani vilikuwa rangi ya asali, anaapa,
na mumewe anakunywa kahawa kwa makini sana.

Nami naonyesha bomba langu la choo
lililochomoza kwenye zege upande wa pili wa ukuta:
sebuleni.
Nilipima mara mbili. Nilipima kwa futi ya shemeji,
ambayo ncha yake ilikatika sentimita kumi
miaka mingi kabla sijamwoa dada yake.
Wanacheka hadi Ilpo anasahau jamvi.
Fedha hutukopesha benki;
makosa tunakopeshana wenyewe,
langu leo, lako Jumamosi ijayo,
na riba hakuna.

Kisha tunamgeukia Hilkka.

Hilkka aliichora nyumba yake kwenye karatasi ya mkate,
na katika chumba cha kusini akachora dirisha
sentimita thelathini kutoka sakafuni.
Msanifu akalifuta. Akalirudisha.
Mkaguzi wa manispaa akauliza: la mbwa?
"La mama," alisema. "Analalia ubavu wa kushoto
na hainuki tena. Aone nje."

Kiwanda kilichelewa. Wiki tisa zikawa kumi na saba.
Mama alifariki mwezi wa kumi na moja.
Dirisha likafika tarehe nne ya mwezi uliofuata,
limevikwa plastiki, pembe zake zimefungwa sponji,
halina hata mkwaruzo.

Tangu hapo picha yake ni ileile:
tundu ukutani, mbao mbili zimepigwa msalaba.
Hatukuuliza. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema lolote kuhusu tundu
ulilolipima wewe mwenyewe
kwa kimo cha mto wa mamako.
Vilho, fundi wake, alishamwambia: nilipandishe?
Kazi ya nusu siku,
litakuwa dirisha kama madirisha mengine.

Leo anaweka simu juu ya ndoo.
Dirisha limo ukutani. Chini, palepale.
Kioo bado kina karatasi ya kiwandani yenye namba.
Na kwenye vumbi la sakafu, mbele yake,
kuna alama ndefu, ya mtu aliyejilaza
kwa ubavu wa kushoto.

"Ukilala pale," anasema, "misonobari huioni.
Unaona miguu yake tu,
na theluji ya chini ya matawi, isiyokanyagwa.
Na kindi, kwa nyuma."
Ananyamaza. "Nilikosea pembe.
Mama angetazama matako ya kindi mchana kutwa."

Orvokki anacheka, anaziba mdomo,
halafu Hilkka naye, kwa sauti ya mlango mpya
ambao bado haujazoea bawaba.
Ilpo anammiminia kahawa asiyoiomba.

Jumamosi ijayo ni kwake.
Kyösti ataleta supu ya njegere.
Mimi nimeambiwa nilete futi
(si ile, wanasema wote kwa pamoja)
maana kuna rafu ya kupima, karibu na sakafu,
na mto mmoja,
kama nyumbani upo wa ziada.